Setilaiti Haipimi Ardhi

Neno hili nimelisikia mara nyingi mno, hata siku hizi nalijibu kabla msemaji hajalimaliza. Linasemwa maofisini, linasemwa kwenye semina, linasemwa na vijana wetu waliorudi na shahada zao: "Mzee, siku hizi setilaiti inapima yenyewe." Husemwa kwa upole, kama mtu anavyomwambia babu yake kwamba hakuna haja tena ya kupekecha moto kwa kijiti maana kiberiti kipo. Wanaoniambia hivyo hawana nia mbaya. Lakini neno lenyewe ni la uwongo, tena uwongo wenye gharama, nami nimekusudia katika kurasa hizi kulipinga kwa nguvu zote zilizonibakia.

Mimi si adui wa setilaiti. Nilianza kazi ya upimaji ardhi mwaka 1970, kwa mnyororo, theodolaiti na miguu yangu miwili. Najua maana ya kupanda mlima na mbao begani ili tujenge mnara, na kukaa juu siku nne tukingoja ukungu uondoke tuone kilele cha mlima wa pili. Aliyeyapitia hayo hawezi kukichukia chombo kinachompa jibu kwa saa moja naye amekaa kivulini. Ninachokikataa ni imani kwamba jibu hilo linashuka kutoka angani peke yake, na kwamba ardhi, nguzo na watu wa kuzitunza hazina kazi tena. Na ili nieleze kwa nini naikataa, sina budi kuanzia baharini, kwa sababu bahari ndiyo iliyowalazimisha wapimaji kutazama juu.

Njia ya zamani ilikuwa ya pembetatu. Ukijua urefu wa upande mmoja na pembe zake, utazijua pande nyingine, na pembetatu moja huzaa nyingine mpaka umevuka nchi nzima. Mlolongo mkubwa kuliko yote barani kwetu ulifuata longitudo ya 30 Mashariki, kutoka kusini mwa Afrika kwenda Misri. Ilikuwa fikra ya David Gill, mwanafalaki wa Cape katika karne ya 19, na pengo la mwisho, lililokuwa Sudani, lilizibwa mwaka 1954. Hesabu za mlolongo huo ndizo zilizozaa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao ramani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa juu yake. Tafadhali likumbuke jina hilo, nitalirudia.

Sasa, pembetatu inahitaji jicho. Mpima wa huku lazima amwone mpima wa kule. Ukifika ufukweni, jicho linakwisha. Dunia ni mviringo, na hata ukijenga mnara wa kukufilisi huwezi kuiona Mauritius ukiwa Mombasa. Kwa hiyo kila bara lilikaa na mtandao wake, wenye chanzo chake na makosa yake, kama majirani wanaotumia pishi zisizolingana. Mtandao wa Ulaya haukujuana na ule wa Marekani ya Kaskazini, na wa Afrika haukujuana na wa Australia. Mtu akitaka kujua umbali wa kweli kati ya bara na bara, tofauti za mamia ya mita zilikuwa jambo la kawaida.

Msomaji atauliza: si kuna nyota? Mabaharia wetu wa majahazi walizitumia nyota kabla ya hao wote. Ni kweli, na visiwa vingi vilipata nafasi yake ramani kwa nyota. Lakini hapo ndipo palipo na ujanja wa ardhi, ambao fundi mwashi yeyote anaweza kuuelewa. Mpima anayesoma nyota lazima kwanza ajue juu ni wapi na chini ni wapi, na hilo huambiwa na timazi, au na maji yaliyotulia, ambayo ni ndugu wa timazi. Nasi tunaiamini timazi kwamba haina upendeleo. Kumbe inao! Kisiwa cha katikati ya bahari ni mlima mkubwa uliosimama kutoka sakafuni, pengine kilomita nne au tano chini ya maji, na mwamba ni mzito kuliko maji. Ukisimama pwani ya kisiwa hicho, mlima unaivuta timazi upande wake. Inainama kidogo sana, jicho halioni. Lakini sekunde moja ya pembe ni mita 31 juu ya ardhi. Timazi ikiinama nusu ya dakika, basi kisiwa kimehama karibu kilomita moja ramani, na nahodha aliyeiamini ramani hiyo usiku atajua mwenyewe.

Walijaribu mengi. Mwaka 1945 mitandao ya Denmark na Norway iliunganishwa kuvuka mlango wa bahari kwa mienge iliyoangushwa na miavuli kutoka kwenye ndege, wapimaji wa ng'ambo mbili wakiilenga kwa wakati mmoja. Mwaka 1946 Yrjö Väisälä wa Finland akatoa wazo lililokuwa bora zaidi: mwenge upigwe picha pamoja na nyota zilizo nyuma yake. Nyota zinajulikana zilipo. Basi picha yenyewe itakuambia mwenge uko upande gani wa mbingu, bila kuiuliza timazi hata neno moja. Kilichokosekana kilikuwa mwenge wa kutosha urefu, ambao utaonekana na watu wa mabara mawili kwa pamoja.

Mwenge huo ulikuja kwa sura ya puto. Mwaka 1960 Marekani ilirusha Echo 1, puto lenye kipenyo cha mita 30 lililopakwa madini ya kung'aa, na mwezi Juni 1966 likafuata jingine la namna hiyo, PAGEOS, lililotengenezwa mahsusi kwa kazi ya wapimaji. Lilizunguka zaidi ya kilomita 4,000 juu. Halikuwa na chombo cha kupima chochote. Halikutoa hesabu. Kazi yake ilikuwa kung'aa tu, likimulikwa na jua wakati huku chini ni usiku.

Hebu fikiri bonde lililojaa ukungu, na watu wawili wamesimama ng'ambo hii na ng'ambo ile wasionane. Juu ya ukungu inapita taa. Kila mmoja anaiona, na kila mmoja anaandika imepita mbele ya nyota ipi. Mstari wa mtu wa kwanza na mstari wa mtu wa pili hukutana pale kwenye taa, na mistari miwili inayokutana hufanya bapa, kama ubao uliosimamishwa hewani, na wote wawili wako juu ya ubao huo. Taa ikipita tena mahali pengine, unapata ubao wa pili. Mbao mbili zinapokatana hubaki mstari mmoja, na mstari huo ndio unaotoka kwa mtu huyu kwenda kwa yule. Hivyo, bila kuonana, kila mmoja ameujua mwelekeo wa mwenzake. Weka bahari badala ya ukungu, na kamera kubwa za BC-4 badala ya macho, nawe umekwisha kuielewa kazi iliyoongozwa na Hellmut Schmid kuanzia 1966 hadi 1970. Stesheni zilikuwa 45 duniani kote. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974, na kwa mara ya kwanza mabara yalijuana kwa makosa ya mita nne au tano tu. Kwangu mimi ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizopata kufanywa na wapimaji, na nasikitika kwamba hata ndani ya taaluma yetu ni wachache wanaoijua.

Lakini zihesabu sehemu za kazi hiyo. Puto lilikuwa moja. Zilizobaki zote zilikuwa ardhini: nguzo za saruji zilizochimbiwa zisitikisike, kamera zilizofungwa juu yake, saa zilizolinganishwa kwa makini maana kila upande ulipaswa kupiga picha ile ile kwa wakati ule ule, mabamba ya kioo yaliyosafishwa gizani kwenye visiwa visivyo na umeme wa kuaminika, na watu. Watu walikaa miezi Tristan da Cunha, Kisiwa cha Pasaka, Pitcairn, Wake, Ascension, hata Heard, ambako hakuna anayeishi ila pengwini na sili. Walingoja mawingu yaondoke, huku na kule, usiku mmoja, kwa wakati mmoja. Yakitanda upande mmoja tu, kazi ya usiku ule imekwenda bure.

Halafu kuna jambo ambalo wale wasemao "setilaiti inapima yenyewe" hawajaambiwa na mtu. Puto lile halikuweza kutoa urefu hata wa shubiri moja. Linatoa mielekeo tu. Ni kama picha ya nyumba isiyo na mtu mlangoni: umbo unaliona, lakini huwezi kujua kama ni nyumba au ni kibiriti kilichochorwa madirisha. Ili dunia ipate ukubwa wake, ilibidi baadhi ya mistari ipimwe kwa miguu, juu ya ardhi, kwa njia ile ile tuliyoambiwa imepitwa na wakati. Mmoja wa mistari hiyo ulikuwa huku kwetu Afrika. Ulitoka Dakar ukaenda mpaka Fort Lamy, mji ambao tangu 1973 unaitwa N'Djamena, ukifuata latitudo ya 12, takriban kilomita 3,500 za mchanga, mbuyu na jua la Saheli. Mtandao uliovuka bahari zote ulipata sehemu ya mita zake kutoka kwenye nyayo za watu waliokuwa wakitembea Afrika Magharibi. Nikimwambia hivyo msomi wetu, hutabasamu kana kwamba nimemsimulia hadithi ya sungura na fisi.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi nguzo zilikuwapo Mahé ya Shelisheli, Mauritius, Addis Ababa kwa upande wa bara, na moja katika visiwa vya Chagos. Hapa naomba nisimame kidogo, maana hapa ndipo mambo yanapotoka kwenye hesabu.

Visiwa vya Chagos vilitengwa na Mauritius na Uingereza mwaka 1965, kabla Mauritius haijapata uhuru wake. Kati ya 1968 na 1973 wenyeji wake wote waliondolewa, wengi wakatupwa Mauritius na wengine Shelisheli, ili Diego Garcia iwe kituo cha kijeshi cha Wamarekani. Ni katika miaka hiyo hiyo kamera zilikuwa zikipiga picha puto. Sisemi kwamba watu walifukuzwa kwa ajili ya kamera. Hilo lisingekuwa kweli, na hoja yangu haihitaji uwongo. Nasema jambo jingine. Kipande cha ardhi katikati ya bahari kilikuwa na thamani kubwa kiasi cha watu kuhamishwa ili kipatikane, na thamani hiyo haikupungua setilaiti zilipoongezeka. Iliongezeka. Ulipojengwa mtandao wa GPS, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, stesheni za ardhini za kuzifuatilia setilaiti zake zilikuwa tano: Colorado Springs, Hawaii, Ascension, Kwajalein, na Diego Garcia. Tazama orodha hiyo vizuri. Nne kati ya tano ni visiwa. Setilaiti haijui ilipo mpaka iambiwe na mtu aliyesimama mahali panapojulikana. Kila siku, simu iliyo mfukoni mwako inapokuonyesha njia ya kwenda harusini, ina deni kwa visiwa hivyo.

Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza inapaswa kukomesha utawala wake Chagos, na Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kurudisha mamlaka, lakini Diego Garcia yenyewe imewekewa masharti ya kubaki mikononi mwa Uingereza kwa miaka 99. Wenye nguvu wanajua thamani ya nguzo iliyo ardhini. Ni sisi tu tunaoambiana kwamba ardhi haina kazi tena kwa kuwa kuna anga.

Nao wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Wazanzibari wa rika langu wanaikumbuka stesheni ya Tunguu, iliyojengwa na Marekani mwaka 1960 kwa ajili ya safari za Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, sauti yake ilipokelewa pale. Kulikuwa na maandamano ya kuipinga, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, ikafungwa. Nilipokuwa kijana niliwahi kucheka niliposikia kwamba watu waliandamana kupinga mitambo ya kusikiliza. Sasa sicheki. Huenda walikosea kuhusu mitambo, lakini walielewa kwamba anayesimika chombo chake uani kwako amepata kitu kutoka kwako, hata kama ni nafasi ya kusimama tu. (Na wapimaji walikuwapo nyuma ya pazia hata hapo: ili stesheni za mabara mbalimbali zitumie hesabu moja, Wamarekani walitengeneza msingi wao wa vipimo wa 1960, kazi iliyotegemea mahesabu ya mwanamama Irene Fischer. Tunguu ilikuwa nukta katika hesabu ya dunia kabla ya kuwa nukta katika siasa.)

Basi narudi nyumbani, na kwenye kosa langu mwenyewe.

Katika miaka ya themanini, ulipofanyika Upimaji wa Dopla wa Afrika kwa setilaiti za Transit, nilikuwa miongoni mwa waliobeba betri na antena. Nilikaa usiku nikihesabu setilaiti zinavyopita, nikaona nukta ambayo ingenichukua mwezi mzima inapatikana kwa siku mbili tatu. Nilirudi nimelewa. Mwaka 1987 halmashauri moja ya pwani ilitaka kujenga tangi la maji juu ya kilima, mahali palipokuwa na nguzo yetu ya wapimaji, nguzo ya saruji iliyopimwa tangu kabla ya Uhuru. Wakaandika barua kuuliza kama bado inahitajika. Barua ilinifikia mimi. Nikaandika, kwa mkono huu, kwamba kutokana na maendeleo ya upimaji kwa setilaiti nguzo hiyo haihitajiki tena. Nikatia sahihi. Nilijiona mtu wa kisasa.

Miaka ilipita zaidi ya ishirini. Nilikwisha kustaafu nilipoitwa na jamaa wa kijiji kimoja chini ya kilima kile kile. Palikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Ofisi husika ilimtuma kijana mwenye chombo cha GPS cha mkononi. Alikuwa na hati ya zamani yenye namba za kona nne za shamba, akaziingiza kwenye chombo, na chombo kikampeleka. Kilimpeleka kaskazini-magharibi, zaidi ya mita 200, katikati ya mikorosho ya jirani, mama mjane aliyekuwa akiishi humo tangu utoto wake. Kijana akapigilia vigingi vyake. Mama akaambiwa amevamia.

Nilimkuta kijana bado yupo kijijini. "Shikamoo mzee," akaniamkia kwa adabu. "Marahaba mwanangu," nikamjibu. "Hebu nionyeshe namba zako." Nilipoziona tu nilijua. Namba za hati zilikuwa za Arc 1960. Chombo chake kilikuwa kikifikiri kwa WGS 84, msingi wa vipimo wa dunia nzima, ambao ni mjukuu wa ule mtandao wa puto. Baina ya misingi hiyo miwili, namba ile ile ya latitudo na longitudo huangukia mahali tofauti: huku pwani ni kama mita 250, na ukifika Nairobi ni karibu mita 300. Hakuna aliyekosea kupima. Mababu walipima sawa na setilaiti zilipima sawa. Walikosa mtu wa kuwatambulisha.

"Lakini mzee," kijana akaniambia, "si chombo hiki kinaunganishwa na setilaiti moja kwa moja?"

Sikumlaumu. Alikuwa ameambiwa na wakubwa zake neno lile lile ninalolipinga hapa. Kanuni ya kugeuza namba za msingi mmoja kuwa za mwingine ipo vitabuni, lakini hiyo ni wastani wa nchi nzima, na wastani huacha makosa ya mita kadhaa, ambazo katika shamba lile ni mistari miwili ya mikorosho. Ili kufanya kazi safi unahitaji nguzo ya zamani iliyo karibu, yenye namba zake za zamani, uiwekee chombo kipya juu yake, uone tofauti ya hapo hapo, kisha uitumie tofauti hiyo shambani. Nguzo ya karibu ilikuwa juu ya kilima. Mnajua ilikuwa wapi. Ilikuwa chini ya tangi la maji, kwa sahihi yangu.

Tulihangaika wiki mbili kutafuta nguzo nyingine. Tulizokuta zimevunjwa ni nyingi kuliko zilizosimama. Mojawapo ilichimbuliwa na watu waliodhani wakoloni walificha zebaki chini yake. Mwishowe tuliipata moja mbali sana, na mama akarudishiwa mikorosho yake, isipokuwa ile iliyokwisha kukatwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo yamekwisha, sasa tuna misingi mipya. Tanzania ina TAREF11, iliyofungamanishwa na mtandao wa dunia, na Kenya nayo inao wake. Ni jambo jema na nawapongeza waliolifanya. Lakini msingi mpya nao ni nguzo na stesheni, si tamko. Stesheni inataka umeme, uzio, mlinzi, fundi wa kubadilisha antena, na mtu wa kupokea data kila siku. Bajeti ikikatwa, ya kwanza kuzimwa huwa hiyo, kwa hoja ile ile kwamba setilaiti zipo. Tena huku kwetu ardhi yenyewe haijatulia: upande wa mashariki wa Bonde la Ufa unajitenga na upande wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka. Namba iliyoandikwa leo inazeeka. Asiyeendelea kupima atakuja kuwa na Arc 1960 nyingine, yenye jina jipya.

Wengine husema nchi maskini isijenge stesheni wakati zahanati hazina dawa. Tutumie za wenzetu zilizo Malindi, Mauritius na kwingineko, data zake zipo bure. Hoja hii naiheshimu zaidi, kwa sababu anayeitoa anayafikiria matumbo ya watu. Lakini kesi za mipaka nazo hula matumbo ya watu. Na bahari pia. Vipimo vya setilaiti vinasema kina cha bahari duniani kinapanda kwa wastani wa milimita tatu hadi nne kwa mwaka. Bandarini Zanzibar kuna kipimo cha maji. Kikionyesha maji yamepanda, ni bahari iliyopanda au ni gati iliyodidimia? Setilaiti haiwezi kukujibu peke yake. Atakayejibu ni nguzo iliyo kando ya kipimo hicho, inayopimwa mwaka baada ya mwaka na mtu yule yule au mwanafunzi wake. Data ya Malindi haiwezi kukuambia kuhusu gati ya Zanzibar, na ya Mauritius ndiyo kabisa. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mwaka 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu mtandao mmoja wa marejeo ya vipimo vya dunia, likizitaka nchi zishirikiane kuutunza. Bara letu lote lina mahali pamoja tu, Hartebeesthoek huko Afrika Kusini, penye aina zote nne za vyombo vikuu vya kazi hiyo pamoja. Mahali pamoja kwa bara zima! Katika mtandao wa puto wa miaka ya sitini, Afrika ilikuwa na stesheni kadhaa, zote zikiendeshwa na wageni. Leo tuna wasomi wetu wenyewe, tena hodari, na tunawafundisha kwamba chombo kinajua.

Mwezi uliopita nilipanda kilima kile. Magoti hayaruhusu, lakini nilipanda. Tangi la maji limetoboka na halitumiki tena. Watoto hulitumia kivuli wanapochunga mbuzi. Nilizunguka msingi wake nikitafuta kama kuna hata kipande cha shaba kilichobaki, ile alama ya katikati ya nguzo. Mtoto mmoja aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia nimeangusha kitu zamani. Akaniuliza ni cha thamani gani, tusaidiane kukitafuta, na tukakitafuta pamoja mpaka adhana ya alasiri.